Niliungua na ekzosi ya bodaboda, je hili kovu litaisha?

"Habari daktari. Mimi ni mdada wa miaka 26, nipo Dar. Wiki tano zilizopita nilikuwa napanda bodaboda nikaungua na ekzosi mguu wa kulia, upande wa ndani wa muundi chini ya goti kidogo, ukubwa kama kiganja cha mtoto. Palepale nikapakwa dawa ya meno, kesho yake likatoka lengelenge kubwa, jirani akalitoboa na sindano. Toka hapo nikawa nasafisha na spiriti asubuhi na jioni, namwagia unga wa rangi mbili, halafu naacha wazi kipate hewa kikauke. Saa hizi pembeni pamefunga ila pamekuwa peusi kabisa kuliko ngozi yangu, katikati kuna sehemu kama sarafu ya mia mbili bado inatoa majimaji, kigaga kikibanduka damu inatoka. Upande mmoja wa palipofunga pameanza kuinuka na panawasha sana usiku. Ninachoogopa ni kwamba nina keloidi sikioni toka nilivyotoboa tundu la pili, na mama yangu anayo kifuani. Nimeambiwa nipake limao na asali, mwingine kaniambia vitamini E ya vidonge nipasue nipake, mwingine anauza krimu ya kutoa madoa. Mayai na dagaa nimeacha manake nasikia vinatunga usaha. Harusi ya dada yangu ni miezi minne ijayo na sare yetu ni fupi. Je hili kovu litaisha? Na je linageuka keloidi?"

Pole sana mdogo wangu, na ahsante kwa kueleza yote toka mwanzo bila kuficha, inanisaidia kukujibu vizuri. Naona wasiwasi wako wote uko kwenye kovu, keloidi na harusi. Wa kwangu mimi uko pale katikati, kwenye hiyo sehemu ya ukubwa wa sarafu inayotoa majimaji. Unatafuta dawa ya kovu wakati kidonda chenyewe hakijafunga, na hilo kovu litakavyoonekana mwakani linategemea zaidi unavyokitunza kidonda wiki hizi kuliko krimu yoyote utakayouziwa baadaye. Kidonda cha moto kikifunga ndani ya wiki mbili mara nyingi kinaacha doa tu, kikivuka wiki tatu ndo uwezekano wa kovu la kuinuka unapanda sana. Wewe uko wiki ya tano. Sikutishi, nataka tu ujue kazi ya kwanza ni ipi.

Kuungua na ekzosi watu wanakuchukulia poa kwa sababu eneo ni dogo, na mitaani kwetu kila nyumba ina mtu mwenye hiyo alama. Lakini lile bomba ni chuma kilichoshika moto wa injini, likigusa ngozi hata sekunde moja joto linaingia ndani sana, na pale kwenye muundi ngozi ni nyembamba, mfupa uko karibu, na damu ya miguuni inarudi juu kwa shida hasa ukishinda umesimama. Ndo maana siku ya kwanza kinaonekana kitu kidogo halafu kinakusumbua mwezi na zaidi.

Sasa ngozi inafungaje. Ukiungua kidogo juu juu, chini kunabaki mashina ya vinyweleo na vitezi vya jasho vikiwa vizima, na humo ndimo seli mpya zinakotokea zikaja juu kufunika, kwa hiyo kidonda kinafunga kwa kuanzia sehemu nyingi kwa pamoja. Ukiungua ndani zaidi hivyo vyote vimekufa, seli zinabaki kutambaa kutokea pembeni tu kuelekea katikati, taratibu taratibu kila siku. Hicho ndicho unachokiona kwako, pembeni pamefunga katikati bado. Na hizo seli zinatambaa vizuri sehemu yenye unyevu. Sehemu ikikauka na kuweka kigaga kigumu inabidi zishuke chini zichimbe njia chini ya kigaga ndo zipite, halafu wewe ukikibandua au kikanasa kwenye shuka asubuhi, unabanduka na zile seli zilizokuwa zimeshafika, damu inatoka, unaanza upya. Nadhani ndicho kinachokutokea kila wiki.

Najua hili la kuacha wazi kipate hewa tumelelewa nalo wote, na hata baadhi ya wahudumu wa afya bado wanalisema. Lakini toka 1962 mtafiti wa Uingereza George Winter alionesha kwa majeraha ya nguruwe kwamba yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalifunga kama mara mbili haraka kuliko yaliyoachwa yakauke, na baada ya hapo imeonekana hivyo hivyo kwa binadamu. Kidonda hakipumui kupitia hewa ya nje, hewa yake kinaletewa na damu. Hewa ya nje inachokiletea ni vumbi, nzi na ukavu.

Spiriti nayo iache leo. Inawasha kweli, na watu wanahesabu kule kuwasha ndo dawa inafanya kazi, kumbe inaua vijidudu pamoja na zile seli changa unazozitegemea zifunge. Peroksaidi yenye mapovu ni hivyo hivyo. Spiriti ni ya ngozi nzima kabla ya kuchoma sindano, kidonda kilicho wazi siyo mahali pake, na wewe umekiweka spiriti mara mbili kwa siku kwa wiki tano, yaani umekuwa unakiunguza upya kidogo kidogo. Na ule uchokozi wa kila siku ndo mojawapo ya sababu pembeni pamekuwa peusi hivyo, nitalieleza hapo chini.

Unga wa rangi mbili ndo tatizo kubwa zaidi. Kile kidonge cha antibayotiki kimetengenezwa kumezwa, ukimwaga unga wake kwenye kidonda unatengeneza tope linaloganda na majimaji, vijidudu vinajificha chini yake, baadhi ya watu ngozi inapata mzio inavimba na kuwasha ikazidisha kidonda, na vijidudu vinavyobaki vinazoea dawa. Kama kidonda kina vijidudu kweli utapewa antibayotiki ya kumeza kwa dozi yake, kama hakina huhitaji antibayotiki yoyote. Dawa ya meno siku ile nayo haikusaidia, ilifunika joto likabaki ndani, lakini hilo limeshapita wala usijilaumu.

Nalisema hapa kwa ajili ya wa nyumbani kwako, manake bodaboda hatuachi kuzipanda: mtu akiungua, kitu cha kwanza ni maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Kama bomba halitoi, chota ndoo mmwagie na kopo polepole, na hata kama zimepita saa mbili tangu aungue bado yanasaidia, mwisho wake ni kama saa tatu hivi. Barafu hapana, unga wa ngano hapana, ute wa yai hapana, mafuta hapana. Halafu funika na kitambaa safi au ile nailoni ya kufungia chakula mwende kituo cha afya. Lengelenge dogo liache lenyewe, likiwa kubwa au limekaa kwenye kiungo likafunguliwe na nesi kwa vifaa safi. Na pikipiki zetu nyingi bomba liko kulia, kwa hiyo panda na ushuke kushoto, na mtoto mpandishe wewe, usimwache aparamie mwenyewe.

Turudi kwako. Kuanzia leo fanya hivi mpaka utakapoonwa. Nawa mikono na sabuni. Kama kigaga kimeshika usikivute, weka kitambaa kilicholowa maji yaliyochemshwa yakapoa, acha kama dakika 10 kilainike, kinachotoka chenyewe kitoke kinachogoma kiache. Osha kidonda na maji hayo hayo, ngozi ya pembeni unaweza kupitisha sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali. Kausha pembeni kwa kugusagusa bila kusugua. Halafu paka mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na harufu, tabaka la kuonekana, ila nunua kopo jipya liwe la kidonda tu, siyo lile la nyumbani ambalo kila mtu anachovya vidole. Juu yake weka gozi, na kama duka la dawa lina gozi ya parafini chukua hiyo manake hainasi kwenye kidonda, ukikosa ya kawaida iliyopakwa mafuta ya mgando inatosha. Funga na bandeji isiyobana. Rudia kila siku, au kila baada ya siku moja kama gozi haijalowa.

Watu wanashangaa nikisema mafuta ya mgando, wanaona ni kitu rahisi mno kuwa dawa. Marekani mwaka 1996 walilinganisha mafuta haya na mafuta ya antibayotiki kwa wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, vidonda vilivyopata vijidudu havikutofautiana kwa maana yoyote, na upande wa antibayotiki ndiko walikopatikana watu wa mzio. Kazi ya mafuta ni kuzuia unyevu usitoke, kazi ya kufunga mwili unaifanya wenyewe.

Ile krimu nyeupe yenye madini ya fedha ambayo wengi wanapewa dukani wakisema wameungua, mwanzoni kwa moto mkubwa ina nafasi yake, ila kwa kidonda kilichosafi kinachojaribu kufunga imeonekana inachelewesha, kwa hiyo usiianze saa hizi bila kuambiwa. Na asali, hapa nitakuwa mkweli manake wengine wanaicheka bure: tafiti zinaonesha inasaidia vidonda vya moto visivyo vya ndani sana kufunga mapema kuliko baadhi ya dawa za kawaida. Lakini hiyo ni asali iliyoandaliwa na kusafishwa kwa ajili ya vidonda. Ya sokoni huwezi kujua imechanganywa sukari kiasi gani na imebeba vimelea gani, sikushauri. Ukiichanganya na limao ndo kabisa hapana. Limao kwenye kidonda linaunguza, na kwenye ngozi iliyofunga, ukipaka halafu ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua tena na kuacha weusi mbaya kuliko ule uliokuwa unautoa.

Kula mayai yako na dagaa wako. Sijui ni wagonjwa wangapi nawakuta wamekaa na kidonda miezi huku wanakula ugali na mchicha tu kwa kuogopa usaha. Usaha unaletwa na vijidudu, hauletwi na yai. Ngozi mpya inajengwa kwa protini, inahitaji vitamini C na madini ya zinki na chuma, na dagaa wana karibu vyote hivyo isipokuwa vitamini C, hiyo utaipata kwenye pera, chungwa, embe. Maharage, njegere, maziwa, kuku, kila kitu kula. Kama unavuta sigara au shisha acha angalau kipindi hiki, zinabana mishipa midogo ya damu. Ukiwa umekaa inua mguu juu ya kiti au mto, mguu ukivimba kidonda hakifungi.

Haya, kovu sasa. Umeniuliza kama ni kitu kimoja lakini nikisoma maelezo yako kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina njia yake na muda wake.

Cha kwanza ni ule weusi. Weusi ule siyo kovu. Ngozi yetu ikichokozwa, iwe moto, chunusi au kukwaruzwa, seli zinazotengeneza rangi zinashtuka zinamwaga rangi nyingi kuliko kawaida, na rangi nyingine inadondoka tabaka la chini ambako kuitoa ni kazi ya miezi. Miguuni unachelewa zaidi kuliko usoni. Habari njema ni kwamba weusi wa aina hii kwa wengi unapungua wenyewe, wa juu miezi sita mpaka mwaka, wa chini unaweza kuvuka mwaka. Unachotakiwa ni kuacha kuuchokoza, yaani usisugue na dodoki wala jiwe, usikwangue, na usiuanike juani. Kidonda kikishafunga, gauni refu au suruali ndo kinga ya bei rahisi kuliko zote, na ukivaa kifupi paka losheni ya kukinga jua ya namba 30 kwenda juu, hasa zile zenye rangi ya ngozi manake zinazuia na ule mwanga wa kawaida ambao unatuongezea weusi sisi watu weusi. Baadaye, ngozi ikishakuwa nzima kabisa, kuna krimu zenye asidi ya azelaiki au niasinamaidi, hizi ni salama kiasi na zinaharakisha kidogo. Nasema kidogo, usitegemee wiki mbili.

Hiyo krimu ya kutoa madoa unayouziwa nina wasiwasi nayo sana. Kama haina orodha ya viambato au mwenye kuuza anasema inatoa doa kwa siku saba, uwezekano mkubwa ni mkorogo wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi kwa sababu nzito: zebaki inaharibu figo, haidrokwinoni ikitumika ovyo miezi mingi inaleta weusi wa bluu bluu ambao hautoki tena, na steroidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba mpaka inachanika na kidonda hakifungi. Kuna wakati daktari wa ngozi anaandika haidrokwinoni kwa kipimo na kwa muda mfupi, hapo unasimamiwa. Kununua kwa mtu ni jambo jingine kabisa.

Cha pili ni ule upande ulioinuka unaowasha. Kwa ulivyoeleza, umeanza mapema na uko ndani ya eneo uliloungua, hilo linafanana zaidi na kovu nene la kawaida la moto kuliko keloidi. Linakuja wiki nne mpaka nane baada ya kuumia, linaweza kuongezeka mpaka mwezi wa sita hivi, linawasha na kuuma, halafu polepole linashuka na kulainika kwa mwaka mmoja mpaka miwili. Keloidi inatoka nje ya mipaka ya jeraha, inakula na ngozi nzima ambayo haikuguswa na moto, inaweza kuchelewa miezi mingi ndo ianze, na haishuki yenyewe. Ni fundi anayeendelea kupiga plasta hata ukuta ukishakamilika, hakuna wa kumwambia inatosha.

Cha tatu ni hiyo keloidi unayoiogopa. Je wewe utaipata hapo? Siwezi kukuhakikishia hapana. Una moja tayari na mama anayo, kwa hiyo uko kwenye kundi la hatari, na umri wako ni ule ule ambao zinapenda kutokea, kati ya miaka 10 na 30. Lakini keloidi zina sehemu zake, masikio, kifua, mabega, taya, mgongo wa juu, na chini ya goti hazipendi sana kukaa. Wengi wenye keloidi ya sikio wana makovu ya kawaida tu miguuni, jiangalie mwenyewe, nadhani una kovu la kujikata au kuanguka utotoni lililotulia. Na tusiiweke yote kwenye weusi wa ngozi. Ni kweli sisi Waafrika tunapata zaidi, lakini utafiti uliofanyika Tanzania ukachapishwa 2015 uliangalia watu wenye ualbino na wasio nao, na keloidi zilikuwepo kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo rangi yenyewe siyo inayoleta, kuna kitu kwenye ukoo. Ila kwa historia yako nakuomba uweke hili kichwani: usitoboe tena sehemu yoyote, usichore tatuu, na ukifanyiwa upasuaji wowote waambie mapema.

Kidonda kikishafunga chote, hapo ndo unaanza kushughulika na huo mwinuko, na kuanza mapema kunalipa. Kitu chenye ushahidi mzuri kuliko vingine vya kupaka au kubandika ni silikoni, ipo ya jeli na ipo ya vipande vya kubandika. Inashikilia unyevu kwenye kovu, na ngozi ikiona unyevu uko sawa inapunguza kutuma amri ya kutengeneza nyuzi zaidi. Inatakiwa ikae kwenye ngozi saa 12 mpaka 24 kwa siku, kwa miezi miwili mitatu kwa uchache, kipande unakiosha kila siku unakirudisha. Kwa joto la Dar unaweza kupata vipele, anza saa nne kwa siku uongeze taratibu. Bei yake siyo ndogo, na kama huna uwezo nayo sitaki ukope. Kukanda kovu na mafuta ya mgando dakika 10 mara mbili kwa siku, kwa kidole gumba kwa kugandamiza na kuzungusha, ushahidi wake siyo mkubwa kama wa silikoni lakini unapunguza kuwasha na kulainisha, na hauna gharama. Kuwasha usiku kukizidi kuna vidonge vya mzio, daktari atakuandikia.

Vitamini E usipasue vidonge vyako. Mwaka 1999 Marekani walijaribu kwa watu waliotoka kupasuliwa ngozi, wagonjwa walikuwa wachache ila matokeo yalikuwa wazi, kwa asilimia 90 kovu halikupata nafuu au lilikuwa baya zaidi, na theluthi moja walipata mzio wa ngozi. Zile jeli za kitunguu zinasaidia kidogo sana kama zinasaidia.

Huo mwinuko ukiendelea kukua miezi miwili mitatu licha ya hayo yote, au ukaanza kuvuka mpaka, ndo tunaingia kwenye sindano za triamsinoloni (dawa ya jamii ya steroidi) zinazochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki nne mpaka sita. Zinauma, nakwambia ukweli, na zinaweza kuacha weupe au bonde kidogo, lakini zinafanya kazi, na hiyo ya sikioni nayo inatibika kwa njia hii, wakati mwingine pamoja na kuikata. Kukata keloidi peke yake bila sindano wala tiba nyingine baada yake sikubali, zaidi ya nusu zinaweza kurudi na nyingine zinarudi kubwa kuliko mwanzo, kwa hiyo akija mtu kukwambia anaikata dakika 10 na yameisha, muulize baada ya kukata anafanya nini.

Je litaisha? Kovu la kidonda cha ndani haliishi likafutika, ile ngozi iliyojengwa upya nguvu yake inafika kama asilimia 80 ya ya zamani na muonekano wake unabaki na tofauti. Lakini kulainika, kushuka, na rangi kukaribiana na ya pembeni mpaka mtu asilione bila kuoneshwa, hilo linawezekana sana kwa eneo dogo kama lako. Hesabu yake ni mwaka na nusu hivi, siyo miezi minne. Kwa hiyo kwenye harusi utakuwa na kidonda kilichofunga, kovu changa bado jeusi, labda lenye mwinuko. Wapaka mekapu wazuri wanaweza kulifunika kwa siku ile, hakuna madhara kama ngozi imefunga kabisa. Au ongea na dada yako mapema, sare ikashonwa ndefu kwako, sioni aibu yoyote hapo. Nisichotaka ni wewe kuingia kwenye mkorogo kwa sababu ya siku moja.

Kuonwa na mtu ni lazima, na nisingependa wiki hii ipite. Kidonda chochote cha moto kilichovuka wiki tatu bila kufunga anatakiwa akiangalie mtu mwenye uzoefu, kwa sababu akiona ni cha ndani sana anaweza kushauri kuwekewa kipande cha ngozi, ingawa kwa ukubwa wa sarafu nadhani matunzo mazuri yatatosha. Waombe wakupime sukari, watu wanagundulika na kisukari kwa kidonda cha mguu ambacho hakiponi. Kama una selimundu waambie, inaleta vidonda vya miguu vinavyochelewa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wana chumba cha kusafishia vidonda, na kwa upande wa ngozi Dar kuna kliniki ya ngozi Muhimbili. Kwa wanaosoma walio mikoani, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha madaktari na matabibu wa ngozi toka 1992, na waliopita pale wametawanyika hospitali nyingi za mikoa, ulizeni.

Usisubiri hata kesho kama ukiona maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, mguu unapata joto na kuvimba, usaha au harufu, ngozi ya pembeni inakuwa ngumu yenye rangi ya zambarau (wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi zetu sisi watu weusi, kwa hiyo tumia joto na maumivu kama kipimo), mtoki unauma kwenye kinena, au homa. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wenye makovu ya moto ya miaka mingi, kovu lililokuwa limetulia likaanza kufunguka kidonda chenyewe kisichopona wiki kadhaa, likaota nyama, likatoa damu, nenda ukatolewe kinyama kipimwe. Saratani ya ngozi inaweza kuota kwenye kovu la zamani la moto, hasa lililokuwa linapona na kufunguka mara kwa mara, na wengi wanafika tukiwa tumechelewa kwa sababu walidhani ni kovu tu.

Kitu kimoja hujakitaja kabisa, sindano ya pepopunda. Kuungua nako kunaingiza pepopunda, tena kidonda kilichokaa wazi na vumbi wiki tano. Kama hukumbuki ulichomwa lini mara ya mwisho, au imepita miaka mitano, waambie pale pale wakati wanakufunga mguu.